Wapangaji Watatu wa Mama Nyaya

Mama yangu mdogo hakujaliwa mtoto, lakini kazini kwake wanamwita Mama Nyaya, naye huitika kwa raha zote, kama mwingine anavyoitikia jina la kifungua mimba wake. Mimi namwita Mamdogo. Nilihamia kwake nilipojifungua, kwa kuwa mume wangu ni dereva wa lori na safari zake zinaanza kabla nyingine hazijaisha. Mamdogo alikuja hospitali, akanitazama, akamtazama mtoto, akasema, “Nyumba yangu ina vyumba vinavyolala vitupu. Fungasheni.” Hakusema mara mbili, nami sikungoja aseme.

Nyumba yenyewe ilinichukua muda kuizoea. Ukivuta droo ya vijiko unakuta nyaya, zimeviringishwa na kufungwa kwa uzi. Vijiko vimesimama ndani ya kikombe dirishani. Juu ya kabati la nguo kuna kompyuta iliyopasuliwa tumbo. Jirani mmoja, bibi mtu mzima, aliposikia kwamba humu anaishi daktari, alikuja na mguu wake uliovimba.

“Mama, mimi ni daktari wa kompyuta,” Mamdogo akamwambia.

“Sawa, mwanangu. Lakini si umesoma? Hebu utazame tu.”

“Nimeutazama. Hauna plagi. Nenda zahanati.”

Bibi alicheka mpaka akasahau kuchechemea. Tangu hapo kila akipita anatuuliza kama tumeshapata mguu wenye plagi.

Mambo mengi ya maisha yake nimeyajua jikoni, mimi nikiosha vyombo yeye akivifuta, kwa sababu mkono wake ukiwa na kitambaa mdomo nao hufunguka. Babu yangu, yaani baba yao, alikuwa mpokezi wa simu zamani zile simu zilipounganishwa kwa mkono. Aliketi mbele ya ubao wenye matundu, huku anachomeka waya, kule anachomoa, huyu azungumze na yule. Mamdogo akitoka shule alikuwa anakaa chini ya meza hiyo akitazama nyaya zinavyopanda na kushuka. Siku moja akauliza, “Baba, ukiumwa, mji wote unanyamaza?”

“Ndiyo maana siumwi,” babu akajibu.

Halafu akaumwa kweli. Upande mzima wa mji ukakosa simu, na watu wakaanza kubisha hodi nyumbani, wengine kwa upole, wengine kwa hasira, kila mmoja na habari yake iliyokwama. Bibi yangu alisimama mlangoni akiwaomba radhi kana kwamba homa ya mumewe ni utovu wa adabu. Mamdogo anasema yale maneno ya mlangoni hayajamtoka mpaka leo. Alikwenda shule, akaenda chuo, akasafiri kwenda kusoma kwenye nchi za baridi, na kumbe muda wote alikuwa na swali lilelile la chini ya meza: mmoja akianguka, kazi itaendeleaje?

Lakini hakuanza na hilo. Utafiti wake wa kwanza ulikwenda upande mwingine kabisa. Siku hizo mashine zilikuwa kubwa, za shida kupatikana, na nyingi zilikaa bure zikipiga feni tu. Yeye na wenzake wakawa wanatafuta namna ya kuifanya mashine moja iwe kama nyumba ya kupanga. Chuma ni kimoja, ila ndani yake wanaishi wapangaji wengi, ambao wao wanawaita mashine pepe. Kila mpangaji ana mlango wake na funguo zake, na anaamini nyumba nzima ni yake.

“Hawagombani?” nilimuuliza.

“Hawajuani. Ndiyo raha yake.”

Kilichompatia udaktari wake ni kuwahamisha wapangaji hao. Kumtoa mpangaji nyumba moja na kumpeleka nyingine huku akiendelea na kazi yake, asijue amehamishwa. Sikuelewa, mpaka siku moja aliponikuta nafungua mbeleko, namtoa mtoto mgongoni kumlaza. Nilikuwa nimeinama, mkono mmoja kichwani mwake, nashuka naye polepole, nimebana pumzi. Alipogusa godoro nikaacha kiganja changu palepale mgongoni mwake, joto lisikatike ghafla. Hakushtuka.

Mamdogo alikuwa amesimama mlangoni na miwani mkononi. “Hebu rudia.”

“Nirudie? Wewe utambembeleza?”

“Miaka yangu minne ya kusoma hiyo,” akasema. “Minne! Na nilifukuza usingizi wa wapangaji wengi kabla sijapata mmoja aliyebaki amelala.”

Ile programu yake ya kuwahamisha ilikuwa na akili ya kubana matumizi pia. Wapangaji wakiwa hawana kazi nyingi, inawakusanya kwenye nyumba moja, nyumba nyingine zinalala, umeme unapungua. Asubuhi kazi zikianza inawatawanya tena, na hakuna anayejua. Mamdogo anaipenda programu hiyo kama nguo ya usichana iliyohifadhiwa sandukuni.

Aliporudi nyumbani kufundisha chuoni, ndipo swali la chini ya meza lilipomkamata, na akalifanyia kazi miaka yake yote ya kufundisha. Sasa hakutaka tena kukusanya, alitaka kutawanya. Kompyuta tatu zinashika kumbukumbu moja. Hakuna kinachoandikwa mpaka mbili kati ya hizo tatu zikubaliane. Moja ikifa, mbili zinaendelea, na mtu aliyekaa mbele ya kioo cha kompyuta asihisi kitu. Aliandika makala juu ya hayo, wenzake wa ng’ambo wakazisoma, wakamwandikia, wakabishana naye. Yote mazuri. Ila, kama alivyoniambia siku moja akifuta sahani ileile mara tatu, hapakuwa na mgonjwa, wala muuza duka, wala mtoto wa shule hata mmoja aliyewahi kutumia kitu alichokiunda yeye. Na mwisho wa mwaka ndio alikuwa anastaafu.

“Nataka kimoja tu kibaki,” akasema. “Kimoja kinachofanya kazi mimi nikiwa nimelala zangu.”

Hicho kimoja kilikuwa ni cha benki ya damu. Hospitali na zahanati zinazoizunguka zina majokofu ya damu, na habari za damu gani iko wapi zilikaa kwenye kompyuta moja ofisini. Ikizima, manesi wanarudi kwenye kupigiana simu, na damu inaweza kukaa kwenye jokofu la huku wakati mtu anaihitaji kule. Mamdogo na fundi wake wa siku zote walikuwa wametengeneza mfumo wa wapangaji watatu, kila mmoja kwenye mashine yake. Fundi huyo wanamwita Subiri, kwa sababu ukimwambia lolote, hata kwamba suruali yake inaungua, atasema, “Subiri kidogo.” Hospitali ilikubali kuja kuutazama ukifanya kazi. Wakiridhika wanauchukua. Wasiporidhika, Mamdogo anastaafu na makala zake, na chumba cha mashine wanapewa watu wa idara nyingine, ambao walikwishaanza kuja kupima madirisha ya kuwekea mapazia.

Nilikuwa nampelekea chakula mchana, mtoto mgongoni, kwa hiyo chumba kile nakijua. Kiko chini kabisa, mwisho wa korido, mlango mzito. Ndani kuna makabati ya chuma, na ndani ya makabati kuna mashine bapa zimepangwa kama trei, kila moja na feni zake. Kelele yake ni ya mvua ya mbali isiyokatika. Kila Ijumaa Mamdogo alikuwa na kawaida yake. Anakula karanga huku akitembea katikati ya makabati, anapiga soga kabisa, kisha bila kutoa taarifa anachomoa plagi moja. Subiri anaruka. Wote wawili wanakimbilia kwenye kioo kuona kama mfumo bado umesimama wima. Ukisimama wima, Mamdogo anampa karanga.

“Mama, siku moja utachomoa na moyo wangu.”

“Kama upo mmoja tu, ni kosa lako.”

Siku za joto zilipofika, kiyoyozi cha chumba kikachoka. Nilikuwepo siku Subiri alipojifuta jasho akasema, “Mama, tuiwashe ile programu yako ya zamani? Ile ya kukusanya. Mashine zisizo na kazi zilale, joto lipungue.”

Mamdogo alikuwa na mdomo umejaa chakula. Uso wake ukachanua. “Bado ipo?”

“Ipo. Niliitunza.”

“Iwashe tu.”

Ikawashwa, na chumba kikapoa. Ijumaa iliyofuata akachomoa kama kawaida, mfumo ukasimama wima, karanga zikaliwa.

Wiki ya ugeni hawakuchomoa. Mamdogo aliupigia mfumo huo magoti, kwa namna ya kusema. Majaribio yote yakasimamishwa, mtu yeyote asiuguse, uamke siku ya wageni ukiwa haujachoshwa. “Tuuache upumzike,” akasema, kama mtu anayesema habari za bibi harusi.

Siku yenyewe niliombwa nisaidie chai. Wageni walikuwa madaktari wawili na Matroni, mkuu wa benki ya damu, mama mnene mwenye viatu vyeupe na macho ya kukagua. Nakumbuka jambo moja: chumba kilikuwa kimetulia kuliko siku zote. Mtoto wangu, ambaye humo huwa anahangaika, alilala. Nikadhani wameweka utulivu kwa ajili ya wageni, nikashukuru.

Mamdogo alieleza kwa ufupi. Kwenye kioo kikubwa kulikuwa na orodha ya damu, makundi yake na majokofu yake. Kisha akasema sentensi aliyokuwa ameingojea kwa miaka. “Matroni, chomoa plagi yoyote unayotaka.”

“Yoyote?”

“Yoyote.”

“Usije ukanilaumu.”

“Ukiharibu ni juu yangu.”

Matroni akatembea mbele ya makabati, mikono nyuma. Akasimama kwenye mashine moja iliyokuwa inavuma. “Hii ndiyo inayopiga kelele peke yake. Inanikera.” Akachomoa.

Kioo kikawa cheusi.

Tukakitazama. Mamdogo alikuwa ameinua mkono kuonyesha kitu kwenye orodha, na mkono ukabaki juu pale pasipokuwa na orodha tena. Daktari mmoja akakohoa. Subiri, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakusema subiri. Alikwenda mbio kwenye kompyuta yake ndogo, akapekua, akageuka.

“Mama,” akasema kwa sauti ya chini. “Walikuwa humo wote watatu.”

Nilielewa papo hapo, maana habari za wapangaji nilizizoea jikoni. Mfumo ulipoachwa upumzike, hakuna kazi, hakuna majaribio, programu ya usichana wake ikaona wapangaji watatu wamekaa bure. Ikawachukua kwa upole, mmoja mmoja, ikawalaza nyumba moja, na nyumba nyingine zikalala. Wala hawakuamka. Na Matroni akazima nyumba hiyo. Ijumaa zote walizochomoa mfumo ulikuwa na shughuli, kwa hiyo wapangaji walikuwa wametawanyika. Siku pekee walipouheshimu ndiyo siku walipouponza.

“Ni mimi niliyeiwasha,” Subiri akawaambia wageni. “Kosa ni langu.”

“Si lake,” Mamdogo akasema. “Aliniuliza, nikamwambia awashe. Na programu ni yangu, niliiandika kwa mkono wangu.” Akashusha ule mkono hatimaye. “Nilisema mashine tatu. Leo mmeonyeshwa moja. Nawaomba radhi.”

Alisimama palepale alipokuwa, karibu na mlango, na mimi nikamkumbuka bibi yangu, mlangoni kwake, akiomba radhi kwa homa ya babu.

Madaktari walikuwa waungwana. Walisema watawasiliana, wakatazama saa zao, wakaondoka. Matroni alibaki, maana chai yake ilikuwa bado nusu.

“Damu zangu zimepotea?” akauliza.

“Hazijapotea. Ikirudishiwa umeme zitarudi kama zilivyokuwa. Ila kwa sasa huzioni.”

“Ulijua?”

“Sikujua. Nilipaswa kujua.” Akamweleza habari za nyumba na wapangaji, bila kuficha hata sehemu ya bibi harusi.

Matroni alimsikiliza mpaka mwisho, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani ana kwikwi, kumbe anacheka. “Dada yangu, mimi niliwahi kupanga manesi watatu wa zamu. Watatu makusudi, mmoja akichelewa wawili wapo. Unajua walikuja vipi? Gari moja! Majirani wote. Gari likafia njiani, nikabaki na wodi peke yangu, na viatu hivi hivi.”

“Ukafanyaje?”

“Niliwafukuza kwenye gari moja. Sikuwafukuza kazi.” Akaweka kikombe. “Rekebisha. Nitakuja tena. Siku sisemi.”

Siku zilizofuata Subiri alitaka waizime kabisa programu ya kukusanya, yaishe. Ilikuwa rahisi. Mamdogo aliketi kwenye meza ya jikoni na kompyuta yake, hakuizima na hakuendelea. Mwishowe akaniuliza, si kwa kuwa nilijua, bali kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwepo. “Ungekuwa wewe?”

“Mimi ningekula kwanza,” nikamwambia, nikasogeza sahani.

Akala. Kisha akaanza kuandika, akaandika siku kadhaa, akifuta zaidi ya anavyobakiza. Hakuizima. Aliifundisha kuuliza kabla ya kumhamisha mpangaji: huyu ana wenzake wa kazi moja? Kama anao, wasilale nyumba moja, hata nyumba zote nyingine ziwe tupu, hata kiyoyozi kife. Na safari hii aliijaribu ikiwa na shughuli na ikiwa haina. Hasa ikiwa haina.

Matroni alikuja mchana mmoja wa kawaida kabisa. Mamdogo alikuwa ametoka kwenda kutoa nakala za mtihani wa wanafunzi. Nilikuwa nimeketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, namnyonyesha mtoto, chakula cha Mamdogo kimefunikwa. Mlango ukafunguka, viatu vyeupe vikaingia.

“Mwenyewe yuko wapi?”

“Anakuja sasa hivi,” Subiri akasema. “Subiri kidogo.”

“Sisubiri.” Akachomoa plagi ya kwanza aliyoifikia.

Nilikitazama kioo mpaka macho yakaniuma. Orodha ikapepesa kidogo, kama mtu aliyeingiwa na vumbi jichoni, ikabaki. Matroni akaisogelea, akagusa jina la jokofu moja, likafunguka. Akarudi kwenye makabati. Akauliza wa pili yuko wapi, na Subiri, jasho linamtiririka, akamwonyesha. Akachomoa na huyo.

Hapo ndipo Mamdogo alipoingia na makaratasi yake kifuani, akamkuta Matroni ameshika plagi mbili kama mtu aliyekamata kuku wawili kwa miguu. Kwenye kioo orodha ilikuwa imeondoka. Palikuwa na maneno tu: *Siwezi kuthibitisha kwa sasa. Nawangoja wenzangu.*

“Imekufa tena,” Matroni akasema.

“Haijafa.” Sauti ya Mamdogo ilikuwa tulivu kabisa. “Amebaki mmoja. Anazo habari zote, ila hana wa kukubaliana naye. Hajui kama wenzake wamezimika au amepotezana nao tu; huenda wameshaandika kwamba damu fulani imetolewa na yeye hana habari. Kwa hiyo hasemi.”

“Angalau angenipa anachokijua.”

“Ungependa akwambie damu ipo, ukamwahidi mgonjwa, kisha ufungue jokofu?”

Matroni akayasoma tena yale maneno kwenye kioo. Yeye mwenyewe amefungua majokofu matupu, nadhani. Uso wake ulikuwa wa mtu anayelikumbuka moja. Kisha akampa Mamdogo plagi moja. Mamdogo akairudisha mahali pake, na baada ya kitambo orodha ikajaa tena kioo kizima.

“Hii inayokubali kusema sijui,” Matroni akasema, “ndiyo ninayoitaka. Madaktari niachie mimi.” Akaangalia ile plagi ya pili iliyobaki mkononi mwake. “Na hii?”

“Iache,” Mamdogo akasema. “Wawili wanatosha. Kaa kwanza, ule.”

Chakula kilikuwa cha mtu mmoja. Walikila wote wawili.

Mamdogo amestaafu sasa. Hospitali iliuchukua mfumo pamoja na mashine zake, na kwenye chumba kilichobaki mapazia ya idara nyingine yametundikwa. Juzi nilimpeleka mtoto kliniki pale hospitali kupimwa uzito, na kwenye korido kuna dirisha la benki ya damu. Nesi kijana alikuwa amekaa mbele ya kioo ninachokijua. Nilijifanya napumzika.

“Dada, hiyo huwa inazimazima?”

“Hii?” Akafikiri. “Sijawahi kuona. Sijui hata mashine yenyewe iko wapi. Hapa ni kioo tu.”

Nilirudi nikamkuta Mamdogo jikoni, droo ya vijiko iko mezani, anafungua nyaya moja moja na kutenga zilizokufa. Nikamweleza. Aliacha kufungua.

“Alisema hajui iko wapi?”

“Hajui.”

“Wala nani ameitengeneza?”

“Sidhani kama anajua imetengenezwa na mtu.”

Alivua miwani, akaipangusa kwenye pindo la gauni, akaivaa tena. Mtoto alikuwa ameshasinzia mgongoni, nikaanza kufungua mbeleko ili nimlaze.

“Mpeleke taratibu,” Mamdogo akasema, “halafu urudi unisimulie tena. Anza pale aliposema hajawahi kuona.”